Kipimo cha Ukili

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na mbili Juni, mwaka elfu mbili ishirini na tano. Kwa mwezi wa kuandama, kumi na tano Mfunguo Tatu. Saa ilikuwa kumi na moja na dakika hamsini jioni. Wapo wanaodai kwamba magharibi ilikuwa imekwisha kuadhiniwa, lakini siku hiyo jua lilizama saa kumi na mbili na dakika kumi na tatu, na Feisal alipotoka barazani, kivuli cha tangi la maji kilikuwa bado kimelala ukutani. Kivuli hakilali ukutani baada ya magharibi.

Alikuwa anakwenda kupokea mkaa.

Makazi yale ya wazee yapo nje kidogo ya mji wa Kibiti, upande wa kuelekea Mahege, katika jengo refu ambalo zamani lilikuwa ghala la pamba la mfanyabiashara mmoja aitwaye Walji. Vitanda ni ishirini na vinne. Wenye vitanda hivyo ni watu waliochoka: wajane, wachimba makaburi wastaafu, mabibi waliozika watoto wao wote. Katikati yao alikuwamo Feisal, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja. Sheria ya nyumba haikuruhusu mtu wa chini ya miaka sitini, kwa hiyo siku aliyoletwa, msimamizi aliandika sabini na moja katika daftari, akafunga kalamu, akasema, "Mungu anajua."

Wazee walimfanyia mzaha tangu siku hiyo. Wa miaka tisini alimwamkia, "Shikamoo, babu!" Naye akiitikia, "Marahaba, mjukuu wangu, umekuwa mkubwa," na bweni zima hucheka mpaka kikohozi kiwapate. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa na nguvu, kazi ndogondogo zote zilimwangukia yeye: kufunga lango, kusoma majina ya vidonge, kupokea mkaa.

Miguu hakuwa nayo. Mamba alimkamata katika mkono wa mto huko kwao, ndani ya delta, alipokuwa akishusha boriti za mikoko. Wenzake walimnyang'anya mamba mtu, lakini miguu ilikuwa imesagika kama muwa, na hospitali wakaikata magotini. Miguu ile mama yake, Bi Mwanamize, alipewa ndani ya shuka, kama ada ilivyo, akaenda kuizika kijijini. Kisha akamleta mwanawe hapa. "Miezi mitatu tu, baba," alisema. "Tujenge chumba chenye mlango mpana, kiti chako kipite."

Miezi mitatu ilikuwa imefika miaka miwili.

Basi Feisal akausukuma mlango wa lango. Nje pikipiki ilikuwa imezimwa, na mwenye pikipiki alikuwa ameinama akifungua kamba za gunia. Feisal alimtambua kwa kisogo tu: Abdulazizi, mtani wa ukoo wao, kijana wa kijijini kwao ambaye sasa alikuwa akiendesha pikipiki mjini Kibiti. Hawakuwa wameonana tangu mwaka uliopita.

"Mtani!" Feisal aliita. "Hata salamu? Umekuja na mkaa au umekuja kuniiba?"

Abdulazizi aligeuka.

Gunia lilimponyoka. Mkaa ukamwagika miguuni pake, naye hakuuangalia.

"Nilikuzika," alisema.

Feisal alicheka. Watani ndiyo desturi yao: mtani hukuzika ukiwa hai, akakudai ubani, akakutukana mbele ya wakwe zako. "Ulinizika kwa sanda ya nani? Mchoyo wewe, hata leso hukunipa."

"Feisal... mimi sitanii."

"Mtani asiyetania ni mgonjwa. Njoo ndani, tukupe kidonge."

Lakini Abdulazizi alikuwa analia. Alilia bila sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyeanguka na pumzi haijarudi. Ndipo Feisal akaacha kucheka.

"Sema," akanong'ona.

"Naapa kwa Mola aliyeniumba. Nilivaa shati lako la mistari. Lile la kijani. Mama yako ndiye aliyenipa. Nikakaa kitako mbele ya kaburi, nikajiburura, nikaigiza sauti yako. Ndiyo kazi ya mtani msibani, wewe unaijua. Nikalia, 'Nipeni miguu yangu! Siondoki bila miguu yangu!' Watu wakacheka mpaka wakashikana. Mama yako hakucheka. Mama yako alizimia."

"Lini?"

"Jumapili. Tarehe nne, mwezi wa tano."

Feisal alihesabu kwa vidole, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimekataa kazi. Siku ishirini na nane za Mei. Siku kumi na mbili za Juni.

Arobaini.

"Hitima yako ni leo," Abdulazizi alisema. "Inasomwa baada ya magharibi. Mimi sikupata nafasi ya kwenda, nina mkaa wa watu..."

Mlango wa jiko ulilia. Akatoka Bi Sikudhani, mhudumu wa jioni, mwanamke mnene mwenye maneno mengi na moyo mzuri, akajifuta mikono kwa kanga.

"Wee Abdulazizi! Mkaa wangu umeumwaga wote! Na unaongea na nani hapo peke yako?"

Abdulazizi aliinua kidole, akamwonyesha Feisal.

Bi Sikudhani aliangalia pale kilipoelekezwa. Macho yake yalimpita Feisal kifuani, yakatua kwenye magurudumu.

"Hee! Nani kakiacha kiti huku nje? Si kitaibiwa?"

"Bi Sikudhani," Feisal alisema.

Hakugeuka. Alishika vishikio vya nyuma akaanza kukisukuma kiti kuelekea ndani, huku Feisal amekaa humo.

"Kizito!" aliguna. "Kutu hii. Kiti kitupu, lakini utadhani kimepakiwa mtu."

...

Inafaa kueleza kwamba mambo haya hayakuanza jioni ile.

Yalianza mwezi wa tano, taratibu. Siku moja sahani yake haikuletwa. Alipouliza, Bi Sikudhani alishtuka, akaomba radhi, akamletea ukoko. Juma lililofuata jina lake halikusomwa wakati wa vidonge. Kisha shuka la kitanda chake lilitandikwa upya asubuhi, naye akiwa amelala juu yake. Wazee waliacha kumwamkia. Bweni likawa halina tena babu wa mzaha.

Wakati mwingine saa za jioni alisikia harufu ya kafuri. Mara mbili aliamka na udongo mdomoni.

Aliyavumilia yote hayo kwa sababu moja. Katika nyumba ya wazee, kusahauliwa si habari. Kila mtu pale alikuwa amesahauliwa na mtu, na kila mtu alikuwa anasahau. Feisal alidhani zamu yake tu imewahi.

Mtu mmoja alikuwa hajamsahau: Bi Zawadi, kikongwe kipofu mwenye kitanda cha kwanza mlangoni, ambaye hakuwa na siku nyingi za kuishi na alilijua jambo hilo. Kila Feisal akipita, bibi huyo alisema, "Nasikia magurudumu. Feisal, mwanangu, umekula?" Yeye peke yake.

Sasa Bi Sikudhani alikiacha kiti katika stoo ya mwisho, mahali zinapowekwa fimbo, miwani na viatu vya waliokufa, akarudi jikoni akinung'unikia mkaa. Abdulazizi aliingia nyuma yake kwa kunyata. Nyuma ya Abdulazizi aliingia Mzee Azan.

Mzee Azan alikuwa na kitanda cha jirani na Feisal. Alikuwa mtu wa Ngorongo, mchimba makaburi kwa miaka arobaini na sita, mwenye mgongo uliopinda kama mundu. Tangu mwezi wa tano hakuwa ametamka neno kwa Feisal. Alimgeuzia ukuta.

Mzee alifunga mlango. Akamtazama Feisal usoni.

"Unaniona," Feisal alisema.

"Nakuona."

"Tangu lini?"

"Sikuacha kukuona, mwanangu. Siku zote arobaini nimekuona. Nilijitia sikuoni."

Nje, kuku walikuwa wanagombea mti wa kulala.

"Unamkumbuka mama yako alivyokuja mwezi wa nne?" Mzee Azan aliuliza.

Feisal alikumbuka. Mama alikuja na mkate wa kumimina na roli la ukili mkononi, ule utepe wa miyaa wa kushonea mikeka, kwa kuwa mama hakuwahi kukaa bila kusuka. Alisema anataka kumshonea kanzu ya Idi. Akamlaza chali kitandani, akafungua ukili, akampima. Alimpima polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza alifunga fundo kwenye ukili, akambusu kipaji cha uso, akaondoka na simu ya mwanawe, akisema inapiga kelele na ataipeleka kwa fundi.

Idi ilikuja. Kanzu haikuja.

"Kanzu hupimwa kuanzia begani," alisema Mzee Azan. "Mama yako alianzia utosini. Akaishia pale nyama yako inapoishia. Mimi nimepokea kipimo cha namna hiyo tangu nikiwa na ndevu nyeusi. Hicho si cha fundi cherehani. Hicho ni cha mchimbaji. Au ni cha mtu anayekwenda kukata mgomba."

"Mgomba," Abdulazizi alinong'ona. "Jeneza lilikuwa limefungwa. Walisema umeletwa kutoka hospitali ukiwa umeharibika. Tulipoliinua... Feisal, lilikuwa linachuruzika maji. Maji yanayonata. Shati limeshika madoa mpaka leo, hayatoki."

"Na miguu yako alikuwa nayo tayari ardhini," mzee aliendelea. "Miguu ya kweli. Kiwiliwili ndicho kilichokuwa mgomba. Kaburi la namna hiyo limepewa mtu nusu, nalo linajua. Siku ya arobaini linadai nusu iliyobaki."

"Na wewe uliliona hilo. Siku ile ile."

"Niliona."

"Ukanyamaza."

Mzee Azan aliinamisha kichwa. "Husemwa kwetu kwamba anayezungumza na aliyepimwa hushikwa mkono, wakaenda pamoja. Nina miaka themanini na miwili, Feisal. Mke sina, watoto sina, meno sina. Nilikuwa naogopa kupoteza nini? Sijui. Lakini niliogopa."

Mzee huyu alikuwa amemkatia kucha. Alikuwa amelala umbali wa dhiraa mbili kutoka kwake, akimsikia akiita watu wasioitika, akafumba macho.

"Kuna dawa?"

"Hitima ikifungwa kwa dua, imekwisha. Kabla ya dua, mtu mmoja tu wa mkekani pale akikusikia ukitaja jina lako kwa kinywa chako, kisomo kitakatika. Kaburi litabaki na mgomba wake."

Adhana ya magharibi ikapanda kutoka msikitini.

Feisal alimnyooshea Abdulazizi mkono. "Simu."

...

Iliita mara nne. Ikapokewa na sauti aliyoijua kabla ya kujua sauti nyingine yoyote duniani.

"Abdulazizi? Ndiyo mmetutupa hivyo, mtani wetu? Watu wamekwisha kaa..."

"Mama."

Nyuma ya mama palikuwa na vikombe, watu wakikohoa, na mtu akijaribu sauti ya kisomo.

"Usiseme jina lako," mama alinong'ona. Alikuwa anatembea, Feisal alisikia ndala zake zikikimbia mchangani. "Nakuomba, baba. Kwa maziwa yangu. Usiliseme."

"Ulinipima kanzu, mama."

"Nilikupima."

"Ukanibusu."

"Nikakubusu. Nisikilize, sina muda. Yule mnyama hakukumaliza. Alionja, akanyang'anywa. Mwaka wa mafuriko alimchukua mjomba wako Habibu akiwa juu ya dari ya nyumba, Feisal, juu ya dari! Mwezi wa kwanza akamchukua binamu yako kwenye shamba la mpunga, maji ya magoti. Mwezi wa nne..." Sauti yake ilikatika, ikarudi. "Mwezi wa nne Amal alikuwa anachota maji na mimi nimesimama nyuma yake. Akamkosa mguu. Akaondoka na kanga. Mnyama yule alibaki juu ya maji, kanga mdomoni, akiniangalia mimi. Siyo mtoto. Mimi."

Amal alikuwa mtoto wake Feisal, wa miaka sita. Mama yake mtoto alikwisha kuolewa kwingine, na Amal alikuwa akilelewa na bibi.

"Fundi wa uganga akasema, mpeni aliyemwonja. Mpeni mzima, kwa sanda na kisomo, kama mtu aliyekufa kihalali. La sivyo atamaliza ukoo kuanzia mdogo. Sasa ningefanya nini? Niambie wewe. Ningefanya nini?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ungeniuliza, mama!"

"Ningekuuliza kwa mdomo gani?" Bi Mwanamize alikuwa analia sasa. "Wewe upo huko na wazee, unapewa uji, unapewa shuka. Nilijiambia... nilijiambia kule mtu anakuwa amekwisha anza kwenda. Nilijiambia sikuondoi duniani, nakusogeza tu."

Maneno hayo Feisal aliyasikia vizuri. Mamba alipomkamata, maumivu yalichelewa kidogo kufika. Mto ulikuwa baridi na alipata hata nafasi ya kushangaa. Sasa pia alishangaa kwanza.

"Mama! Simu ya nani hiyo? Shehe anataka kuanza!" Ilikuwa sauti ya mwanamume, ikikaribia.

"Ni... ni namba ya kukosea."

"Lete. Haloo!"

Nassibu. Kaka yake mkubwa, aliyembeba mgongoni kuvuka maji akiwa mtoto. Katika sauti yake hamkuwa na siri yoyote. Nassibu hakujua. Nassibu alikuwa amezika mgomba kwa machozi ya kweli.

"Haloo! Nani anaongea? Sema, kuna watu hapa!"

Mzee Azan alikuwa ameshika ukuta. Abdulazizi alikuwa ameuma kidole. Wote wawili walimwangalia kinywani.

Neno moja. Jina lake. Nassibu angepiga ukelele, mkeka mzima ungesimama, na kesho Bi Sikudhani angemletea sahani na kumgombeza kwa kuchelewa.

Ndipo, nyuma ya Nassibu, akasikia mtoto akiuliza, "Baba mkubwa, na mie nikae mkekani? Na mie namsomea baba. Najua Alhamdu yote."

Feisal alifungua mdomo.

Aliufunga.

Aliufungua tena.

"Mpita njia tu," alisema, kwa sauti nzito isiyokuwa yake. "Nimesikia mna msiba. Poleni sana."

"Ahsante, ndugu," alijibu Nassibu. "Tumeshapoa."

Simu ikakatika.

...

Abdulazizi hakungoja. Pikipiki yake ilisikika ikikohoa barabarani, ikapotea. Feisal alijisukuma mwenyewe mpaka bwenini. Taa zilikuwa zinawaka. Bi Sikudhani alikuwa anagawa uji. Alikizunguka kiti kama mtu anavyozunguka nguzo. Feisal alijihamisha kitandani kwa mikono yake, akakaa ukingoni, magoti yake yasiyokuwa na kitu chini yakielekea mlangoni. Mzee Azan alikaa kitanda cha jirani. Safari hii hakugeukia ukuta, lakini hilo halikumfaa mtu.

Saa moja na dakika ishirini, uji ulikuwa umekwisha na wazee walikuwa wanajifunika.

Harufu ilifika kwanza. Kafuri. Chini ya kafuri, tope la mikoko, lile jeusi linalooza likiwa hai. Na chini ya tope, kitu kibichi, chenye utomvu, kama shamba la migomba baada ya panga kupita.

Kisha sauti, barazani.

Chwa...

Chwa...

Chwa...

Nyayo tupu, zenye maji, juu ya sakafu ya saruji.

Hakuna mzee aliyeinua kichwa. Bi Sikudhani alikuwa anasuuza vikombe huku akiimba. Nyayo zilifika mlangoni, zikasimama kwenye kitanda cha kwanza. Bi Zawadi aligeuza uso wake usio na macho, akatabasamu.

"Feisal, mwanangu! Leo nakusikia unatembea."

Feisal hakuwa ametembea. Feisal alikuwa kitanda cha kumi na moja.

Chwa...

Alitazama sakafu, kwa kuwa hakuweza kutazama juu. Aliona vidole. Kidole cha pili kirefu kuliko gumba. Kovu la gamba la chaza kwenye unyayo wa kushoto, kovu alilolipata akiwa na miaka tisa, siku Nassibu alipombeba. Miguu ile ilikuwa imevimba na ngozi yake ilikuwa na rangi ya nta, lakini alikuwa ameivalisha viatu kwa miaka ishirini na tisa. Mtu haisahau.

Ilisimama mbele yake. Juu ya magoti palikuwa na kitu. Hakukitazama.

"Mzee Azan," alinong'ona.

"Nipo."

"Nishike mkono."

Mzee aliinua mkono. Uliinuka nusu. Ulikaa pale hewani kwa muda, wenye kucha safi na mishipa ya samawati. Kisha ulirudi ukalala pajani pa mwenyewe.

Miguu ikageuka. Ikampa kisigino. Ikarudi nyuma polepole, kama mtu anayepapasa kiti kabla ya kukaa.

Baridi ikamgusa magotini.

Ikapanda.

Feisal alitazama vidole vile sakafuni. Akajaribu, kama alivyojaribu kila asubuhi kwa miaka miwili kabla hajakumbuka, kuvichezesha.

Vikacheza.

...

Mengi yamesemwa juu ya jioni hiyo, na mengi hayako sawa.

Daftari la makazi linasema kwamba mzee Feisal, miaka sabini na moja, alichukuliwa na ndugu zake siku ya Ijumaa, saa tatu asubuhi. Hakuna ndugu aliyefika Ijumaa wala siku nyingine. Bi Sikudhani, ukimuuliza, atakwambia kwamba kitanda cha kumi na moja kimekuwa kitupu tangu ghala la Walji ligeuzwe makazi. Hasemi uongo. Hivyo ndivyo anavyokumbuka.

Abdulazizi anasimulia vijiweni kwamba aliona nyayo zikitoka langoni kuelekea barabara ya Mahege. Abdulazizi alikuwa amekwisha kukimbia. Nyayo zilionekana na Mzee Azan alfajiri, kabla hazijapigwa deki, naye alikaa akazihesabu: hatua thelathini na moja, kutoka barazani hadi kitandani, zote za kuingia. Za kutoka hazikuwapo.

Wengine wanasema Mzee Azan alijitahidi kumwokoa. Hapana. Mwenyewe amesema hapana.

Huko deltani wanasema mamba hajaonekana tangu arobaini ile. Ni kweli mpaka sasa, ingawa mvua kubwa hazijaja, na Bi Mwanamize hamruhusu Amal kukaribia maji hata ya ndoo. Kwa ajili hiyo watu wachache wanaoijua siri wanamsifu bibi huyo. Wanasema alikuwa na mioyo miwili, akaukata mmoja. Wanasema alimtoa mwanawe kwa ajili ya mjukuu.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Bi Mwanamize hakumtoa mtu. Yeye alimwiba mwanawe, kwa ukili na kwa busu. Aliyemtoa Feisal ni Feisal mwenyewe, magharibi ya Alhamisi, kwa maneno machache aliyomwambia kaka yake kwenye simu ya kuazima. Angejitoa hata mwezi wa nne. Hakuna aliyemuuliza.